Nyasi za Msiba Chini ya Tairi

Naanza kwa kuwagombeza, maana nyinyi vijana mmezoea kubembelezwa. Wiki iliyopita dereva mmoja wa rika lenu alikwama hapa Izigo, chini ya kibanja changu cha migomba. Gari lake forwili, tairi pana, leseni yake safi kuliko shuka langu. Akakanyaga mafuta mpaka matope yakaruka juu ya migomba yangu, gari likashuka hadi chesisi ikakaa chini. Ndipo akaja kupiga hodi. Shikamoo mzee, naomba panga nikate migomba mitatu niiweke chini ya tairi.

Migomba yangu, tena yenye mikungu! Nilimwambia akae kwanza, akasema ana haraka. Mtu mwenye gari lililozama ana haraka ya kwenda wapi? Nikachukua fimbo yangu, nikateremka naye, nikamfokea njia nzima, na kwa nyasi, mikono na akili kidogo tukalitoa gari bila kukata hata jani. Aliponiuliza nilijifunzia wapi, nilimwambia aondoke mbele yangu. Sikuwa na nguvu ya kumweleza siku ile. Sasa nimepoa, kidogo tu, nawaelezeni nyote kwa pamoja.

Jina langu Projestus. Nimeendesha pikapu ya ofisi tangu uhuru ulipokuwa bado mbichi hadi vijiji vya ujamaa vilipokuja na kupita. Pikapu zetu zilivuta kwa tairi za nyuma mbili tu. Zile za mbele kazi yake ni kuonyesha njia, basi. Injini nzito iko mbele, bodi tupu iko nyuma, na wewe unapandisha udongo mwekundu wa Muleba wakati wa masika. Asiyejua hapo tatizo liko wapi asishike usukani.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, Mwislamu wa Bukoba mjini, ambaye babu yake alitoka pwani akaoa kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukikosea, hakukugombeza. Alitafuta jiwe, akakaa, akakutazama ukihangaika mpaka aibu ikufundishe. Mimi sina subira ile, ndiyo maana napiga kelele.

Nilipokwama mara ya kwanza mbele yake tulikuwa njia ya kwenda Kimwani. Nikafanya alichofanya yule kijana wenu, na anachofanya kila Mhaya tangu gari la kwanza liingie nchi hii: nikakimbilia migomba. Kwetu mgomba ni chakula, ni pombe, ni kamba, ni mwavuli, kwa hiyo akili inakwambia hata gari litakubali. Nikakata mashina manne, nikayatandika vizuri, nikakanyaga mafuta. Shina la mgomba ni maji matupu, jamani. Tairi liliyasaga yakawa ute, gari likateleza ubavu mpaka mtaroni. Mzee Sefu alikuwa juu ya jiwe lake. Akasema, "Umelipaka gari sabuni. Sasa liogeshe." Alinicheka kwa jambo hilo hadi anastaafu, na kila tulipopita shamba la ndizi aliniuliza kama nahitaji vipuri.

Lakini alinifundisha. Kwanza uzito. Pikapu tupu haina miguu ya nyuma. Tulibeba mifuko mitatu ya mchanga, tukaifunga juu ya ekseli ya nyuma hasa, si mwisho wa bodi, maana ukiiweka mwisho kabisa pua ya gari inanyanyuka na usukani hausikii. Mambo yakiwa mabaya, unafungua mfuko mmoja unamwaga mchanga mbele ya tairi. Pili, shuka utembee. Ingia matopeni kwa miguu yako, piga fimbo, ujue kina, kabla hujaingia na gari la watu. Mnaogopa kuchafua viatu, ndiyo maana mnachafua injini. Tatu, usifuate makorongo ya malori. Lori liko juu, pikapu iko chini, ule mgongo wa katikati utaigusa difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na utakaa pale ukining'inia. Gea ya pili, mguu mwepesi, usibadili gea katikati ya matope, na ukiteremka usiguse breki kana kwamba ni kengele. Na tairi likianza kuzunguka bure, acha. Ukiendelea unachimba, na hakuna aliyekutuma kuchimba. Punguza upepo wa tairi, zoa matope mbele yake, tandika nyasi ndefu kavu kukingama njia, zikanyage zishike udongo, halafu jaribu taratibu.

Hayo mngeweza kujifunza kwa mtu yeyote. Yanayofuata mtayasikia kwangu tu, maana wengine walioyaona wamekufa, na yananichoma kila mvua ikinyesha.

Mzee Sefu alikuwa ameshastaafu. Ofisini kwetu aliletwa Afisa wa kusimamia mambo ya vijiji vipya. Simtaji jina. Si kwa heshima, hastahili. Ila ana wajukuu, nao hawakunikosea kitu. Zilikuwa siku za kuitana ndugu, na petroli ilikuwa ya kibali, na kila kilichoharibika kiliitwa hujuma. Kikombe kikivunjika, hujuma. Asubuhi moja tulikuwa tunakwenda Buganguzi, akahutubie watu wahamie kijiji kipya kule kwenye rweya, mbuga ya nyasi isiyo na mgomba hata mmoja. Akachungulia bodi.

Akaniuliza ile mifuko ina nini. Nikasema mchanga. Akawaita makarani waje waone. "Ndugu dereva," akasema, "taifa linabana petroli, wewe unautembeza mchanga?" Makarani wakacheka, maana mkubwa akichekesha lazima ucheke. Nikaanza kueleza habari ya ekseli. Akasema nisimletee siasa ya mchanga, nishushe. Nikashusha. Mifuko yote mitatu, kwa mikono yangu hii, huku najua kabisa ninachofanya. Anayetaka kujua hasira yangu inaanzia wapi aanze kuhesabu hapo.

Tulipanda salama kwa sababu njia ilikuwa kavu. Afisa akanitazama kwa ushindi. Mkutano ukaanza, akahutubia, watu wakapiga makofi yale ya kupiga ili yaishe, na katikati ya hotuba mvua ikashuka ile ya kwetu isiyopiga hodi. Ilipopungua kidogo, wakaja watu na machela ya miti. Juu yake alikuwa Respicius, mkulima wa pale, mtu wa makamo. Alikuwa na ngiri ya miaka mingi, utumbo kushuka kinenani. Wenzake walimtania kwayo, naye mwenyewe alijitania, na ikishuka aliirudisha kwa mkono akaendelea kulima. Siku hiyo ilishuka ikakataa kurudi. Tumbo lilikuwa gumu, anatapika kijani, hana tena utani. Tabibu wa zahanati alisema wazi kuwa asipopasuliwa leo, kesho tutamzika. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na gari lilikuwa moja tu, letu.

Nisimsingizie Afisa. Alikubali mara moja. Mgonjwa apande, na mkewe Adventina apande. Tukamlaza Respicius chali kwenye bodi juu ya majani ya ndizi, mkewe akamfunika tumbo kwa koti. Wanaume wanane wakataka kumsindikiza, kama ilivyo desturi yetu, mgonjwa haendi peke yake. Moyoni nikafurahi. Wanaume wanane ni zaidi ya mifuko mitatu. Afisa akasema gari la ofisi si basi.

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba uzito wao ungetusaidia mlimani. "Uzito tena?" akasema. "Asubuhi mchanga, sasa watu." Nami nikafanya nini? Nikawasha gari. Bodi ile ilibeba mtu mmoja aliyekonda kwa maumivu na mwanamke mmoja mwembamba, tukateremka bondeni tukiteleza.

Huko chini kuna kijito, na ukikivuka unaanza kupanda. Pikapu ilipanda hatua kama ishirini, tairi za nyuma zikaanza kuimba. Nikaacha mafuta, nikarudi nyuma, nikajaribu upande mwingine. Ikazama zaidi, difu ikakaa juu ya udongo. Kila gari lilipotikisika, Respicius alilia, na kilio cha mtu mzima anayejitahidi asilie ni kibaya kuliko kingine chote.  Adventina aligonga kioo cha nyuma mara moja tu, akanitazama.

Hapo kando ya njia palikuwa na nyumba, na watu wengi wamekaa barazani na ndani. Afisa akashuka na mwavuli wake, akawaamuru waje na majembe. Hakuna aliyesimama. Akarudia kwa ukali. Mtu mmoja mzima, aliyenyoa kichwa, akaja hadi mvuani akamweleza kwa adabu. Aliitwa Novatus. Alisema baba yao amezikwa jana, msiba haujaondolewa, na jembe haliwezi kushikwa.

Nyinyi wa siku hizi labda hamjui. Kwetu mtu akifa, ardhi inafunguliwa kwa ajili yake peke yake. Mpaka msiba umalizike, hakuna kulima wala kupalilia, hakuna kupiga jembe ardhini, si pale nyumbani tu, hata jirani anaacha. Ukilima unamtukana marehemu na unawaitia wengine kifo. Watu waliacha kahawa ikaoza na magugu yakapanda kwa ajili ya hilo. Afisa akasema, kwa sauti ya kusikika barazani, kwamba jana walichimba kaburi kwa kitu gani, kwa vijiko? Akatoa daftari, akaanza kuandika majina. Akawaambia kwamba mgonjwa anakufa na wao wanakaa kitako, na kwamba hiyo ni hujuma. Novatus akamtajia jina lake kamili, bila hofu, akamtajia na la ndugu zake wawili.

Nikamwomba Afisa aniachie. Nikavua viatu, nikaingia ndani. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi za rweya, nyingi, nene, zile wanazokaa na kulalia waombolezaji siku zote za msiba. Msibani huingii ukasema shida yako ukiwa umesimama. Nikakaa. Nikawapa pole. Nikamsubiri mjane, Ma Leokadia, aniulize mwenyewe nimekuja na nini, ingawa kila dakika ilikuwa inamla Respicius kule nje. Nikamweleza.

Akaniuliza mgonjwa ni wa nani. Nikasema ni Respicius wa Buganguzi juu. Akasema hamjui. Akauliza kama ana watoto. Nikamjibu kama ninavyomjibu mama yangu, "Watano, Mae."

Akashika nyasi alizokalia. Kisha akasema, "Jembe hatulishiki. Lakini mikono tunayo, na nyasi hizi ni zangu."

Akainuka, mjane wa jana, akaanza kukunja nyasi pale alipokuwa amekaa. Wanawake wakainuka pamoja naye. Zikatoka chumba kizima, mafungu kwa mafungu, za chini kavu kabisa. Wanaume wakapiga magoti matopeni wakazoa kwa viganja. Mmoja alitumia sahani, mwingine gamba la mgomba, na jembe halikuguswa. Mimi nikapunguza upepo wa tairi, nikawaonyesha watandike kukingama, tukazikanyaga zile nyasi walizokalia kumlilia marehemu wao. Halafu nikawaomba wapande. Walipanda kumi na moja, wakajipanga juu ya ekseli ya nyuma, miguu huku na huku ya Respicius, wameshikana mabega wasimwangukie.

Afisa akafungua mdomo. Najua alichotaka kusema. Nikamwambia, "Ndugu Afisa, panda au baki." Akapanda, akafunga mlango, akakunja mwavuli. Ni mara moja tu maishani nilisema sentensi ya namna hiyo, na ningekufa siku hiyohiyo ningekufa mtu mzuri.

Gea ya pili, mguu mwepesi. Tairi zilishika nyasi, zikasita, zikashika tena. Tulipanda hadi juu bila kusimama. Kule juu wakaruka chini, wakatupungia mikono, wakarudi kuomboleza kwenye sakafu tupu ya udongo. Jioni ile Respicius akapasuliwa. Sista wa pale aliniambia kwamba saa chache zaidi utumbo ungekuwa umeoza. Akapona.

Mngependa niishie hapo, eh? Hadithi nzuri, kila mtu aende kulala. Hapana.

Siku ya tatu Novatus na ndugu zake wawili walichukuliwa msibani, wakawekwa ndani. Kosa lao lilikuwa kugoma kushika majembe kumwokoa mgonjwa na gari la umma. Nikaitwa ofisini. Karatasi ilikuwa tayari imechapwa. Ilisema wanakijiji walikataa kusaidia, na gari lilitoka kwa juhudi za Ndugu Afisa na dereva wake. Mchanga haukuwemo. Nyasi hazikuwemo. Ma Leokadia hakuwemo. Waliniambia niweke sahihi, na kwamba nikikataa watauliza ni nani aliyeendesha gari la umma akalizamisha.

Nisiseme sikujua kusoma. Nilifika darasa la nane. Niliisoma mara mbili, neno kwa neno. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na kazi ambayo wengi waliitamani, na nilikuwa mwoga. Nikatia sahihi, tena kwa mwandiko mzuri. Baadaye Afisa alihamishwa, nasikia akapandishwa cheo. Kwa miaka mingi nilikuwa namlaani yeye kila ninapokutana na matope. Uzee umenionyesha kwamba yeye hakuwahi kujua ekseli iko wapi. Mimi nilijua. Nilijua habari ya mchanga, nilijua habari ya watu wanane, nilijua jembe lile halishikwi kwa sababu gani, na mara tatu nilitii. Mpumbavu ana udhuru. Mimi nina hasira tu, na simwoni wa kumtupia.

Msidhani niliwatoa wale ndugu watatu. Aliyewatoa ni Respicius. Alipopewa ruhusa hospitalini, akiwa ameshasikia habari zao, hakwenda kwake. Alifunga tumbo kwa kanga ya mkewe, akaja mpaka ofisini polepole, akakaa kwenye ngazi tangu asubuhi akikataa kuondoka mpaka amwone mkubwa wa wote. Alipomwona, alifungua kanga akaonyesha mshono, akaeleza: mikono, sahani, nyasi, wanaume kumi na moja. Alieleza kwa utulivu, na makarani walewale waliocheka safari hii hawakucheka. Kesho yake Novatus na ndugu zake wakaachiwa.

Akitoka hapo alinipitia uani, ninapooshea pikapu. Alisimama ameshika ubavu. Nikampa pole, nikamuuliza hali ya mshono. Akanijibu kwa adabu kwamba unaendelea vizuri. Kisha akasema, kwa heshima ya kumwita mtu baba, "Tata Projestus, ile karatasi wamenisomea."

Nikachovya kitambaa ndooni. Akasema, "Mimi nilikuwa nimelala chali, nafa, natazama mvua, nami niliona. Wewe uliyekuwa na macho na usukani uliona nini?"

Alingoja jibu. Aliningoja kwa muda wa haki kabisa, mtu aliyeshonwa, amesimama juani. Kisha akaaga, akaenda zake kwa hatua fupifupi, nami nikaendelea kuosha tairi zilizokwisha kutakata.